Albina Kapinga, Mama Aliyekataa Kulimiwa

Wasikilizaji wapendwa, redio yako iwe jikoni au juu ya gunia la kahawa, isogeze karibu. Leo tunamkumbuka Albina Kapinga wa Maguu, mkulima, mama wa watoto wanne. Ametutoka wiki iliyopita. Nitamweleza kama alivyokuwa, mbishi, maana ubishi huo ndio uliomwinua.

Albina alikuwa mwanamke wa ngolo. Kwa ambao hamjafika kwetu milimani, ngolo ni mashimo yale ya miteremkoni, yanayozuia mvua isibebe udongo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Wanawake huzifukia kwa jembe, wameinama asubuhi hadi jioni. Albina alianza kuinama angali binti.

Mgongo ulimshika miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda Maguu na malori yao, na kila mtu anataka kuongeza shamba. Maumivu yalikaa kiunoni. Mwaka ukaisha, hayakuondoka. Mumewe, mzee Othmar, akamfunga kanga kiunoni na kumwambia alale apone. Akalala. Ikafika mahali, kwenda chooni tu anashika ukuta.

Na hapa ndipo wema wetu ulipotaka kummaliza. Wanawake wa ngokela, kundi lao la kulimiana kwa zamu, walimlimia. Msimu uliofuata wakamlimia tena, na uji wakamletea. Jamani, nani angewalaumu? Lakini Albina alikuwa amelala ndani, anasikia majembe ya wenzake shambani kwake, na analia. Alimwambia binti yake Lidia kwamba anaogopa jambo moja tu: kwamba hatalishika jembe tena.

Akapelekwa hospitali. Daktari akampima, hakuona mfupa uliovunjika wala ugonjwa mwingine. Akamkabidhi kwa Bi Kauthar, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenyeji wa Kilwa. Albina alitarajia sindano. Akatandikiwa mkeka.

Lala chali, kunja magoti. Kaza tumbo la chini, pumua, inua kiuno polepole. Mazoezi hayo yana jina la kigeni, Pilates. Albina alikasirika kwelikweli, akasema amekuja kutibiwa, hakuja kucheza. Bi Kauthar akamjibu, "Mama, mgongo wako haujavunjika. Wewe ndiye unayeogopa kuutumia. Utauma kidogo, na wewe utaendelea."

Basi akarudi nyumbani, akaendelea. Uani, mchana kweupe, mgongo kwenye mkeka, kiuno juu. Sasa kwetu, mwanamke akilala uani msimu wa kulima, ama ni mgonjwa ama ni mvivu. Wapita njia walicheka. Mawifi walimwambia Othmar mkewe amechanganyikiwa. Othmar akaona aibu, akamwomba afanyie ndani. Albina akamwambia aibu haijawahi kumuuma kiuno. Akaendelea.

Msimu wa tatu ngokela ilipofika shambani kwake, alitoka na jembe. Wenzake wakamnyang'anya. Tereza, kiongozi wao, akamsihi arudi kulala. Albina akalichukua tena jembe lake, akasema, "Mmenihurumia vya kutosha. Sasa niacheni nilime."

Akafukia kidogo. Akajilaza pale pale kwenye tuta, akafanya mazoezi yake mbele ya wote, akainuka, akafukia tena. Tereza ameniambia mwenyewe kwamba alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamuuliza hilo tumbo linakazwa vipi, maana na yeye kiuno kilikuwa kinamsumbua kitambo, ila alikuwa hasemi.

Sitawadanganya, wasikilizaji. Maumivu hayakuisha yote. Kuna msimu yalirudi, naye akarudi mkekani. Lakini alilima miaka mingi, shamba lake, kwa mkono wake.

Homa ya siku chache ndiyo iliyomchukua. Lidia alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Anasema, "Tulikuta udongo wa ngolo kwenye kucha zake. Shangazi akataka kuusugua. Nikamwambia, mwache aende nao."

Mzee Othmar, Lidia na ndugu zako, wanawake wa ngokela, poleni sana. Tuko pamoja nanyi katika msiba huu.

Na sisi tuliobaki tufikiri. Huenda yupo mtu nyumbani kwako amelazwa na mgongo, na kwa kuwa unampenda unamfanyia kila kitu. Mpeleke akapimwe. Kisha muulize anatamani kufanya nini kwa mkono wake mwenyewe. Akikujibu, mpishe.