Ushuhuda Nilioutoa Kabla Bega Halijapona

Nawasalimu nyote, nyinyi wa hapa Sotik, nyinyi mliotoka Kericho asubuhi na baridi, na nyinyi mliovuka kutoka upande wa Kisii. Mwenyekiti wa kikundi hiki chetu cha walioumia kazini amesema nisimame niongee, na amesema niongee kidogo. Wanaonijua wameshaanza kucheka. Jina sitataja, la mtu wala la kampuni, kwa sababu wengine wetu bado wanakula huko, na mimi mwenyewe bado naogopa. Gari la kampuni likipita barabarani, mpaka leo naangalia kando.

Mimi nilikuwa nashika mashine ya kuchuna majani. Kwa nyinyi ambao hamjafanya kazi ya chai, hiyo mashine inashikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule. Wembe unapita juu ya michai, majani yanarushwa nyuma kwenye mfuko. Lazima muende hatua moja, kama watu waliooana vizuri. Mwenzangu alikuwa jirani yangu, mtu wa Kipkelion, mpole sana.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na tulikuwa kwenye mteremko. Nikateleza. Nikaangukia bega la kulia, na mashine ikanilalia juu, injini bado inanguruma. Nilifunga macho nikajua wembe unakuja shingoni. Jirani yangu akawahi kuizima. Supavaisa wetu akashuka mbio kutoka juu, anauliza, "Mzee, umeumia?" Na mimi nikiwa bado chini kwenye matope nikamjibu, "Nimepona, mkubwa. Nimepona."

Ndugu zangu, hebu lisikieni hilo neno. Mimi nilimaanisha sijafa. Si mtu akitolewa kwenye ajali tunasema amepona, hata kama mguu umebaki kwa lami? Lakini tulipofika zahanati ya kampuni, supavaisa alimwambia nesi, "Ameanguka, lakini amesema amepona." Hakuwa anadanganya. Nilikuwa nimesema. Nikapewa dawa ya maumivu na nikaambiwa nipumzike nyumbani.

Nikapumzika. Bega halikupumzika. Mkono ulikuwa hauendi juu, mama watoto ndiye ananivisha shati na kunifunga vifungo. Alikuwa ananiambia niende niseme. Mimi nilikuwa namwambia anyamaze, watu watasikia. Nyinyi mnaoishi kwenye nyumba za kampuni mnanielewa. Nyumba ile unalala ndani kwa sababu una kazi. Kazi ikitoka, na wewe unatoka, na watoto wanatoka shule. Nilikuwa nimeona vitu vya jirani mmoja vimewekwa nje kwa mvua, godoro, sufuria, viatu vya mtoto. Huyo jirani alikuwa ameanza kuulizauliza mambo ya mgongo wake. Sijui kama alitolewa kwa sababu hiyo. Hakuna aliyejua, na huko kutojua ndiko kulinitisha zaidi.

Sasa ikafika Jumapili. Kanisani kwetu mtu haongoji mpaka apone ndipo ashuhudie. Unashuhudia kwanza kwa imani, uponyaji unafuata. Nimelelewa hivyo na siwezi kuidharau. Pasta akaita wagonjwa mbele, nikaenda. Wakaniwekea mikono, wakaomba, watu wakaimba, na mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimemeza zile dawa. Pasta akaniambia niinue mkono. Nikauinua, na ukapanda mpaka juu ya kichwa. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikapewa maikrofoni nikasema, "Kanisa, nimepona."

Benchi la tatu alikuwa ameketi supavaisa na mke wake. Alikuwa anapiga makofi na machozi yanamtoka. Alifurahi kabisa, na hilo naomba mlikumbuke.

Jioni mkono ulikuwa unaning'inia tu, na bega limevimba. Mama watoto akaniangalia. "Si umesema umepona?"

"Nimesema kwa imani."

"Basi vua shati kwa imani," akasema, akaenda zake jikoni.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Jumatatu asubuhi supavaisa yuko mlangoni, ananisalimia kwa lugha yetu. "Chamgei, mzee. Mungu ametenda. Nimeshamwambia meneja, jina lako limerudi kwa mashine."

Nikawaza pale pale mlangoni. Nikisema sijapona, kanisa litaniona mwongo. Afadhali kanisa, nilikuwa namwogopa Mungu, kwamba nimelitaja jina lake mbele ya watu kisha nalirudisha. Na kampuni itasema huyu jana aliinua mkono, leo anakwepa kazi, atoke. Nikavaa gamboti nikaenda.

Nilishika mashine kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umeegeshwa tu. Siku ya pili, kwenye mteremko, mkono wa kulia ukaachilia wenyewe. Mashine ikazunguka upande wa jirani yangu na wembe ukapasua gamboti yake kutoka goti kushuka. Akaanguka kitako. Akavua ile gamboti polepole, sote tunaangalia, tukingoja kuona damu. Mguu ulikuwa mzima. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mzee, na mimi nina watoto."

Hapo ndipo nilijua nitaua mtu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama watoto. Alinichukua kesho yake akanileta hapa Sotik kwa mama mmoja anayeuza maziwa, mwanachama wa kikundi hiki. Amekaa pale anaangalia chini, hataki nimtaje. Yeye alipoteza vidole viwili kwenye kiwanda cha chai.

Akaniuliza kama kampuni imeripoti ajali yangu kwa ofisi ya serikali ya usalama kazini.

"Sijui, mama."

"Umewauliza?"

"Niwaulize wanifukuze?"

Akanimiminia chai. Akaniambia kuumia kazini si kuomba msaada, kuna sheria yake. Hata kama niliteleza mwenyewe, bado niliteleza nikiwa kazini. Mwajiri ndiye anatakiwa kuripoti, na asiporipoti naweza kwenda mwenyewe bila kulipa broka. Lakini nisikae mpaka mwaka upite, kwa sababu mlango unafungwa. Mimi nilikuwa nasikia nusu nusu. Kichwani nilikuwa naona godoro langu nje.

Alienda na mimi. Siku tulipoingia kwa ile ofisi Kericho, afisa akatafuta, akasema ajali yangu haijulikani hapo. Akanisikiliza, akasema ataiandikia kampuni na nitapelekwa kwa daktari anipime.

Barua ilipofika, nilijua bila kuambiwa, kwa sababu supavaisa aliacha kunisalimia. Watu wa laini, zile nyumba za kampuni, wakaanza kusema naishtaki kampuni. Kanisani nilihamia benchi la nyuma. Mlango ukibishwa, watoto wananyamaza wenyewe, hata yule mdogo. Mama watoto alifunga vyombo vyote kwenye gunia akaacha sufuria moja tu, tunapika ugali, tunaosha, ndipo tunapika mboga. Alisema akitolewa hataki kukimbizwa kama kuku. Nilikuwa nikiliona lile gunia kwenye kona najilaumu mno, nataka kwenda niwaambie wakubwa kwamba yamekwisha, nimepona, tusahau.

Siku ya daktari ikafika. Na kampuni ilimtuma nani anipeleke? Supavaisa. Tukaenda kwa gari lao, mimi na yeye, mpaka hospitali. Mama wa maziwa alikuwa ananingoja langoni. Nikamvuta kando nikamwambia, "Mama, siwezi. Huyu mtu aliniona nikishuhudia. Nikisema sijapona nimemfanya Mungu mwongo."

Akaniambia, "Mungu analijua bega lako, hahitaji kuambiwa. Daktari ndiye hajui."

Nikaingia. Supavaisa naye akaingia, akasimama karibu na mlango. Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Akauliza vizuri tu, vile wao huuliza, "Mzee, umepona?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno lilikuwa tayari mdomoni. Mtu akikuuliza hali, si unajibu vizuri? Ndivyo tulivyolelewa. Nilihisi macho ya yule mtu mgongoni mwangu. Niliwaza gunia, nikawaza watoto, nikawaza kanisa lote. Na nikawaza ile gamboti iliyopasuka.

Nikasema, "Sijapona." Sauti ilikuwa ndogo mpaka daktari akaniomba nirudie. "Sijapona, daktari. Kanisani nilisema nimepona, lakini bado."

Akaniambia niinue mkono. Ukafika hapa kifuani, ukakataa. Akashika kiwiko akausukuma kidogo, na mimi mtu mzima mwenye watoto nikalia mbele yao. Nilipogeuka, supavaisa alikuwa anaangalia sakafu.

Tukirudi alisimamisha gari kando ya barabara. Nilijua sasa ndio nafukuzwa. Akasema, "Mzee, mimi ile Jumapili nilifurahi kweli. Nilipomwambia meneja, nilidhani nakusaidia." Nikamwambia najua. Akawasha gari tukaenda. Tangu siku hiyo tunasalimiana.

Daktari aliandika kwamba kuna kitu kilikatika ndani ya bega, na kwa vile kilikaa bila matibabu, mkono hautarudi vile ulivyokuwa. Kampuni ilivutana na ofisi, ikapeleka mambo huku na huku, mwishowe ikalipa. Kwa pasta nilienda mwenyewe. Nilimweleza yote, akasema tutaendelea kuomba, na kwamba siku hizi atawauliza watu kama wameenda hospitali kabla hajawapa maikrofoni.

Sasa msidhani nimekuja kuwapaka mafuta. Ile nyumba nilitoka. Mtu asiyeweza kushika mashine hakuna kazi yake pale, wakanipa notisi, na vitu vyangu vikatoka nje kama nilivyoogopa. Tofauti ni kwamba tulivitoa wenyewe, mchana, tukapakia kwa pikapu, na kulikuwa na mahali pa kuvipeleka. Kwa hayo malipo tumejenga vyumba viwili kwenye shamba la marehemu baba, upande wa Sosiot, na tuna ng'ombe mmoja. Mama watoto ndiye anakamua, mimi nashika kamba na kutoa maoni. Watoto wanasoma. Mlango ukibishwa, yule mdogo anakimbia kufungua.

Nashukuru mama watoto, ambaye amekataa kuja kwa sababu anasema atasikia uongo. Nashukuru jirani yangu wa mashine, aliyekubali kueleza afisa alichokiona, na yeye alikuwa bado ndani ya nyumba ya kampuni. Huyo aliogopa kuliko mimi. Nashukuru kikundi hiki. Na Mungu namshukuru, hakunikasirikia, ama kama alinikasirikia hajaniambia.

Ninalowaachia ni hili. Ukiumia kazini, sema siku hiyo hiyo, na mtu mwingine asikie ukisema. Karatasi za matibabu weka zote. Na daktari akikuuliza, usimjibu kwa adabu. Mjibu kwa bega, kwa mgongo, kwa kile kinachouma.

Kuna mtu ameketi karibu na mlango, tangu aingie hajatoa mkono mfukoni. Ndugu, sikuulizi jina wala kazi unafanya wapi. Jumanne nitakuwa nje ya ile ofisi Kericho, asubuhi. Ukifika ukashindwa kuingia, tutakaa nje wote wawili. Mimi mara ya kwanza nilishindwa. Nilikaa kwenye ukuta mpaka wakafunga, na yule mama akakaa na mimi, maziwa yake yote yakaharibika.