Uzi wa Kijani Kwenye Gauni

Sogeeni karibu, na mfunge huo mlango wa dukani. Mteja akija atangoja. Nataka kusema nikiwa bado nina sauti, na sitaki mtu wa kunisaidia maneno. Mwanangu wa kiume, vuta kiti. Dada yako mkubwa akae hapa miguuni kwangu, na kitinda mimba akae pale ninapoweza kumwona, maana habari hii ni yake.

Duka hili la udobi ni lenu watatu. Pasi, meza, kamba za uani na wateja ni vya kufanyia kazi pamoja, na atakayetaka kuondoka aondoke na sehemu yake bila kununiwa. Hilo limekwisha. Sasa tuje kwenye gauni.

Mnamkumbuka yule fundi vioo aliyekuja kumposa mdogo wenu. Mimi sikumpenda wala sikumchukia. Alikuwa anasalimia vizuri, na nguo zake zilichafuka kwa kazi, si kwa ulevi. Halafu siku moja, nikiwa tayari nimelala hapa, mkaniambia kwamba katika furushi la nguo alizotuletea kufua mmekuta gauni la mwanamke, nalo limeshonwa uzi wa kijani, alama tunayotia nguo zake zote. Kikao kikakaa bila mimi. Kaka mtu akasema, "Ana mke huyo." Dada mtu akasema, "Mimi niliolewa, nawajua." Na yule msusi, shoga wa mdogo wenu, ambaye hakuna aliyemwita, akasema, "Shoga, nilikuwa naogopa tu kukwambia." Kitinda mimba akarudisha pete jioni ile ile. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza fundi mwenyewe.

Sisi madobi tuna ugonjwa wetu: tunaamini uzi kuliko mtu. Nguo ikiwa na uzi wa fulani kwenye kola, basi ni ya fulani, hata akikana. Lakini lile gauni nililiomba, na liko hapa chini ya godoro. Litoeni. Lishikeni kwenye mwanga. Uzi wa alama tunaushona nguo ikiwa chafu, kabla haijaingia majini, kwa hiyo ukishapita kwenye sabuni, wanga na pasi, unafifia na kulala bapa. Huu unang'aa, tena umesimama. Gauni lilifuliwa, likapigwa pasi, ndipo likatiwa uzi. Na kopo la nyuzi haliko mbele kwa wateja. Liko humu ndani.

Usinikatize, mwanangu. Unasema nipumzike. Kwa nini unataka nipumzike sasa hivi, na asubuhi ulikuwa unanibembeleza niseme?

Simtaji mtu, kwa sababu sikumwona mtu. Nawashuku wote. Wewe, kwa kuwa mdogo wako akiolewa, mashati ya wateja wakubwa atayapiga pasi nani? Wewe hata kola inakushinda. Wewe mkubwa, kwa kuwa tangu uachane na mumeo sijakusikia ukimsifu mwanamume yeyote, na mdogo wako ndiye pekee anayekaa kukusikiliza. Na huyo msusi, aliyekuwa anaingia humu kama kwao na kujimiminia chai, nasikia tangu siku ile kioo cha saluni yake hakiishi kuvunjika, na fundi ni yule yule. Hata fundi mwenyewe simtakasi: mtu asiye na kosa anaondokaje kimya vile? Labda aliona aibu. Labda mlimchosha. Ninachojua ni kwamba gauni halikuja na nguo zake.

Kitinda mimba, futa machozi. Ulituuliza sote kama anakufaa, na kila mmoja akakujibu kwa shida yake. Mimi pia usiniulize. Mimi nataka mtu wa kunigeuza kitandani, nitakushauri uende? Nenda peke yako, bila shoga, bila dada, umwulize unachotaka kumwuliza, na jibu lake lisipitie humu kwanza. Ukimkataa, umkatae kwa macho yako mwenyewe.

Nipeni maji. Taratibu. Nguo za watu zilizobaki zipelekeni kwa wenyewe, hata kama hawajazifuata. Mnizike mapema, msingoje wa mbali. Aliyelishona gauni hili anajijua; nimemsamehe bila kumjua. Ila asiwe wa kwanza kupiga mayowe nikifa, nitamshuku hata huko niendako.

Nani kafungua mlango? Sioni vizuri... Ni mdogo wenu? Msimwite. Mkubwa, kaa chini, umwache. Na wewe, usimfuate, viatu vyako nivione hapa.

Mungu awape mikono mizima na usingizi mzuri. Mpendane kwa... mpendane tu. Na yeye ampe mtu wa... mtu wa kusema naye.

Hebu nyamazeni kidogo. Chungulieni dirishani, mniambie ukweli. Amekwenda kulia, kwa msusi? Au kushoto, kwenye vioo?

Mnasema kushoto.

Basi. Msiniambie zaidi.