RISALA YA WAPIGA PICHA WA MKUYUNI KUHUSU GODORO LILILOKOSA PICHA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwangaluka! Sisi wapiga picha wa Mkuyuni tunakukaribisha kwa furaha na, tusikufiche, kwa hofu pia. Umeacha shughuli zako ukaja kutukabidhi kamera mpya. Tunashukuru sana. Anayesoma ni mimi Bernadetta, katibu.

HISTORIA
Tulianza enzi za filamu, tukingoja wateja sokoni na nje ya makanisa. Ukikosea, bwana harusi anatoka hana kichwa, na harusi hairudiwi. Ndiyo maana tulijifunza kutazama kwanza, kubonyeza baadaye.

MAFANIKIO
Kuanzia hapa hadi Ilemela, nyumba nyingi zina picha zetu ukutani. Ofisi yako nayo ilikuwa ikituita kwenye kila hafla, mpaka mwaka jana.

CHANGAMOTO
Mheshimiwa, tulishauriwa sehemu hii tuiruke. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Mvua ilipoporomosha mawe mlimani, ulikuja kugawa magodoro kwa waliobomolewa nyumba. Mwenye kamera alikuwa mwenzetu Malimi. Ulishika godoro upande mmoja, Mama Suzana, mmoja wa waliobomolewa, upande wa pili, mkamgeukia Malimi kama ilivyo desturi. Mama Suzana alikuwa amemzika mumewe juzi yake. Akaanza kulia, akajifunika uso kwa kanga. Ukasema, "Piga basi!" Malimi akashusha kamera. Ukabaki umeshika godoro mbele za watu, na tunajua uliona aibu.

Hata sisi tulimlaumu. Mwenyekiti wetu, Mzee Ishengoma, alimfokea: "Wewe Malimi, umeitwa kupiga picha, nani kakuita kufikiri?"

Malimi akajibu, "Nisamehe, mzee. Kamera ilikuwa tayari kabisa. Mimi ndiye niliyekataa."

Tangu hapo hatuitwi tena. Malimi amekatazwa kukanyaga kwenye hafla zako, na hivi ninavyosoma amesimama nje ya geti. Tunaambiwa kamera uliyotuletea inatafuta uso yenyewe, na mtu akitabasamu inajipiga. Ni nzuri, na tunaitaka. Ila tunaogopa kesho itasemwa mpiga picha wa nini, si yeyote atabonyeza? Kamera hii ingemwona Mama Suzana vizuri sana, hadi machozi. Isingejua kwamba hataki.

MAOMBI
Tunaomba uturudishe kazini. Tunaomba pia mlinzi amfungulie Malimi, na kamera umkabidhi yeye kwa mkono wako. Mtaishika wote wawili, mtatugeukia, nasi tutapiga.

Na siku nyingine ukimwona ameishusha, Mheshimiwa, usimkaripie kwanza. Mwangalie aliyeshika upande wa pili.

Mungu akulinde wewe na familia yako, na azilinde nyumba zote zilizo chini ya mawe.

Ni sisi,
Umoja wa Wapiga Picha Mkuyuni, pamoja na Malimi aliye getini.