Bi Shifti Apanda Ghorofa ya Tisa

Benchi la kijiweni ni refu, la mbao ngumu, na zamani lilikuwa la kantini ya kiwanda cha nguo. Siku tingatinga lilipoingia kubomoa, wazee waliliburuza wenyewe hadi ng'ambo ya barabara, na mpaka leo wanaolikalia ni walewale. Yupo Waziri, aliyekuwa mlinzi wa geti na bado anaongea kama anahutubia taifa. Yupo Kinyozi, aliyefanya kazi chumba cha rangi kabla ya kushika mkasi. Yupo Mama Kahawa, mkunja vitambaa wa zamani, na birika lake. Na yupo Spana, fundi wa mashine za kufumia, mgane, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Wote wanaongea kwa kupaza sauti, maana mashine zile ziliwala masikio. Pale kilipokuwa kiwanda sasa kuna ghorofa la vioo, na wakazi wa nyumba za kiwanda, ambazo nazo zinabomolewa, wanahamishiwa humo mmoja mmoja.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bi Shifti, mfumaji, jirani wa Spana ukuta kwa ukuta. Alikuwa amepanda kukagua nyumba ya ghorofa ya tisa. Akiipenda anapewa ufunguo hukohuko, akiikataa anapewa ya chini, mlango unaotazamana na aliopewa Spana. Miaka yote ya ujirani wao Spana amelala akisikia redio ya Bi Shifti ikinong'ona upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na hofu ya kulala bila redio ile, na hofu yenyewe hakumwambia mtu.

— Ataikataa tu, alisema Spana. Kule juu kuna upepo.

— Upepo ni jambo dogo, alisema Waziri. Wataalamu wa dunia wanajua hili: kila ghorofa unayopanda, hamu ya kula inapungua. Umewahi kumwona mnene dirishani kule juu?

Hakuna aliyewahi. Kinyozi akasema wembamba si neno, balaa ni nywele. Kichwa kikisogea karibu na jua nywele zinarefuka haraka, na yeye tayari anatafuta chumba cha kufungulia tawi humo. Waziri, ambaye hakubali kupitwa, akaleta habari ya ndoto: ni nyepesi, zinapanda kama moshi, kwa hiyo anayelala juu huota ndoto za watu wa chini. Bi Shifti wa watu ataota usiku kucha anakimbizwa na yule mbuzi wa ndoto za Kinyozi.

Spana alizipokea nadharia zote, akazichochea, akaziongezea kuni. Ilimradi mwisho wake Bi Shifti akae chini.

— Na lifti je? aliuliza Mama Kahawa.

— Lifti zao za kisasa, alisema Waziri, zinapima moyo. Mwenye siri haimpandishi.

Mama Kahawa akamtazama Spana kwa pembe ya jicho.

— Basi kuna mtu hapa atazoea ngazi.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Spana alikohoa.

Hapo akafika mgeni, mama mmoja fundi wa vioo, kofia ya ujenzi mkononi, akaomba kahawa na kukaa pembeni. Akasema huko juu amemwacha bibi mmoja anazunguka vyumbani, hajui aseme ndiyo au hapana. Wote wakainua shingo. Na kweli, Bi Shifti alikuwa ametoka kwenye roshani, na kitambaa chake cha njano kichwani.

Waziri aliita kwa nguvu zote za getini, lakini mashine ya zege ilimeza sauti. Bi Shifti akainua mikono.

Ndani ya kiwanda hakuna aliyesikia la mwenzake, kwa hiyo watu walizungumza kwa mikono, kutoka mashine hii hadi ile. Spana hakuwa ameitumia lugha hiyo tangu geti lifungwe. Mikono yake haikuwa imesahau.

Jiko kubwa, alisema Bi Shifti kwa vidole. Jua linaingia. Kisha akagusa sikio, akatikisa kichwa: kimya, kimya mno. Halafu: nishuke?

Spana akasimama. Hoja zake zote zilikuwa tayari, upepo, nywele na mbuzi. Lakini lugha ya kiwandani haikuwa na neno la mambo hayo. Ilikuwa na uzi umekatika, subiri, nakuja, changu, chako. Basi mikono ikasema ilichoweza. Usishuke. Nakuja mimi. Chako na changu, kimoja.

Aliposhusha mikono ndipo alipokumbuka nyuma yake wamekaa akina nani. Wote walikuwa watu wa kiwanda, na wote walikuwa wamesoma kila neno.

Kule juu Bi Shifti alikaza kitambaa chake kichwani. Kisha akainua kiganja kimoja, akakizungusha taratibu, tena na tena. Ndivyo mfumaji alivyomwambia fundi kwamba mashine imepona: washa.

— Samahani wazee wangu, aliuliza fundi wa vioo. Yule bibi anasema nini?

Waziri, msemaji wa wataalamu wa dunia, alitazama ndani ya kikombe chake. Kinyozi alijifuta macho kwa taulo ya kazini, akalalamikia vumbi la saruji. Mama Kahawa alikuwa ameligeuzia birika uso, mabega yakimtetemeka kwa kicheko cha furaha. Mgeni akamgeukia Spana mwenyewe, lakini Spana alikuwa anafunga vifungo vya shati hadi shingoni, na vidole vilivyotoka kusema mengi hivyo sasa havikioni kitundu. Akavuka barabara bila kuaga.

— Mwanangu, alisema Waziri, kwa sauti ndogo ambayo kijiwe hakijawahi kuisikia kwake, hilo utamuuliza shemeji akishuka.