Marehemu Mjaka Usi, Aliyejitenga na Sinia la Nyumbani Kwake

Marehemu Mjaka Usi Pandu alizaliwa Paje mwaka 1911. Alihitimu Kurani chuoni mapema, kisha akasoma skuli Makunduchi hadi darasa la sita, na mwalimu wake akilalamika kwamba mtoto huyu hakai kitako. Kweli, hakukaa kitako maisha yake yote.

Mwaka 1931 aliingia mjini akapata kazi hospitalini, katika chumba cha kupimia maradhi. Kwanza aliosha vioo, baadaye akaviangalia kwa hadubini. Mwaka 1936 alimuoa Bi Biasha Muhiddin wa Ng'ambo. Kwenye fungate aliwanawisha mikono kwa sabuni mara tatu bibi harusi na somo aliyemfunda, na Bi Biasha akadhani ndiyo mila ya Paje.

Mwaka 1952 kuhara damu kuliingia Ng'ambo, naye akaugua. Wenziwe wakapona, yeye akipata nafuu wiki mbili, maradhi yanarudi. Alijipima mwenyewe mara kwa mara, haoni kitu.

"Mdudu hayumo tena, Mjaka," daktari alimwambia. "Utumbo una vidonda tu. Punguza wasiwasi."

"Na aliyevianzisha vidonda kenda wapi, bwana daktari?"

Jawabu la swali hilo sisi hatulijui hata leo.

Basi akajitenga. Kwa kuogopa asije akawaambukiza wanawe, alikuwa na sahani yake, kikombe chake na mkeka wake pembeni, miaka sita. Sinia likiwekwa, watoto humwita, "Baba, karibu!" naye hugeuza uso. Jamani, nyumba ile iliumia.

Mchana wa Jumatano juzi, tarehe 12 Machi 1958, marehemu hana nguvu tena, Bi Biasha alimpelekea uji. Akanywa kidogo, akasema, "Kamwage."

"Nimwage nini? Miaka sita nnakula makombo yako jikoni. Mimi nna nini?"

Marehemu alijiinua kwa hasira. "Mtu mmoja si ushahidi, Biasha!"

"Haya, Tabia! Msabah! Njooni mnywe uji wa baba yenu."

Wakanywa, bakuli likipita mkono kwa mkono. Marehemu akawatazama mmoja mmoja, machozi yakimtoka, akanyoosha mkono.

"Nibakishieni na mimi."

Alifariki alasiri ile, akazikwa Mwanakwerekwe siku ya pili. Ameacha mjane, Bi Biasha. Watoto wawili, Tabia na Msabah. Na dada yake, Bi Mwanamwema wa Paje. Wote wazima wa afya.

Mola ampe utulivu ambao huku hakuupata. Amin.