Fungua Mdomo, Mzee

GORDON: Haloo! Ofisi ya diwani hapa Migori. Nani mwenzangu?

JAVAN: Ni mtu.

GORDON: Mtu gani? Sema haraka, nina wageni.

JAVAN: Mtu mwenye meno.

GORDON: Nani anacheza na simu ya ser—

JAVAN: Javan. Ndugu ya baba yako, mheshimiwa. Ama siku hizi hata sauti inapimwa?

GORDON: Baba mdogo! Uwi! Amosi, jaduong', nakusalimu mzee wangu. Tumekungoja tangu jana, mke wangu Teresa amepika mpaka ugali umekauka. Uko wapi? Umeshuka stendi? Nitume gari?

JAVAN: Niko Homa Bay, kwenye kibanda cha simu. Watu wamepanga foleni nyuma yangu, wananihemea shingoni.

GORDON: Homa Bay! Baba mdogo, si tulikubaliana? Kesho alfajiri naweka boma langu. Wewe ndiwe wa kutangulia mbele, unishike mkono uniingize. Baba hayuko, ndugu zake wamekwisha, umebaki peke yako—

JAVAN: Najua idadi ya makaburi yetu. Mengine nimeyachimba mimi.

GORDON: Na unajua mpinzani wangu Byron anasema nini kwenye mikutano? "Diwani wenu bado analala kwenye simba, kibanda cha kijana, ndani ya boma la marehemu baba yake. Mtu asiye na lango lake atawafungulia nyinyi lango gani?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nisipoingia boma langu kabla ya kura, mimi nimekwisha.

JAVAN: Shoka jipya ulinunua?

GORDON: Liko hapa chini ya meza. Halijagusa mti hata mmoja, linangoja mti wa kwanza wa boma, kama ulivyosema.

JAVAN: Na jogoo?

GORDON: Jogoo wa kuingia naye bomani amefika asubuhi hii! Ndiyo maana nashangaa wewe hujafika. Yule mjumbe wako yuko hapa nje kwenye veranda na jogoo mwekundu kwenye kikapu. Lo, huyo ni mzee wa haja! Hao ndio wazee tunataka. Meno ya chini yote sita nje, kama mababu walivyoagiza. Vijana wangu kule barabarani walimwangalia mara moja tu, wakampigia saluti. Nimemkalisha kwenye kiti changu mwenyewe, kile chenye mto. Nimempa chai ya maziwa. Nimemwita baba.

JAVAN: Umemwita baba.

GORDON: Si ni rafiki yako? Rafiki yako ni baba yangu.

JAVAN: Maneno mazuri hayo. Yashike vizuri, yasikuponyoke.

GORDON: Lakini wewe ulikwama wapi? Gari iliharibika?

JAVAN: Gari ilikuwa nzima. Nilifika jana jioni, mimi na huyo rafiki yangu na jogoo wetu. Kabla hatujaingia Migori tukakuta gogo limelala barabarani, limepigiliwa misumari kama mgongo wa nungunungu—

GORDON: Ah. Hilo ni la usalama, baba mdogo. Hiyo ni kazi yangu.

JAVAN: Na vijana wamekalia mawe, macho mekundu, rungu mkononi. Wakatushusha wote. Kijana mmoja, ndevu zenyewe bado zinaomba ruhusa, akaniambia: "Fungua mdomo, mzee."

GORDON: [mkwaruzo kwenye waya] —sikusikia. Simu inakwaruza.

JAVAN: Umesikia. Akanishika kidevu, akaniinamisha kichwa, akachungulia. Mnadani Rodi Kopany nimeona fahali wakiangaliwa meno namna hiyo. Lakini hata fahali, mwenye kumwangalia hupiga bei kwanza.

GORDON: Baba mdogo, elewa. Mwezi uliopita ng'ombe wetu walichukuliwa, mazizi mawili. Watu wanalia. Wanasema diwani fanya kitu, Wakuria wametumaliza. Sasa utawajuaje? Nguo ni zilezile. Dholuo yetu wanaiongea kuliko sisi. Ndipo nikafikiria: mzee Mjaluo aling'olewa meno sita ya chini, Mkuria hakung'olewa. Wazee wanapimwa mdomo, vijana wanaulizwa ukoo. Haina makosa.

JAVAN: Haina makosa. [anacheka] Umekuwa daktari wa meno, mheshimiwa, na chuo hukuingia. Hebu niambie, mwizi wa ng'ombe hupita barabara ya lami mchana akionyesha meno? Si huvuka mto gizani? Gogo lako limeshika ng'ombe wangapi?

GORDON: Bado, lakini—

JAVAN: Nikwambie mimi lilimshika nani. Nyuma yangu alikuwako mama amebeba mtoto mgongoni, shingo ya mtoto imelegea kama mboga ya jana. Anaenda hospitali. Wakamuuliza ukoo. Akataja. Wakamrudisha.

GORDON: Hilo sikulijua.

JAVAN: Gogo ni lako, kulijua si lako?

GORDON: Nitawakanya. Nitaongea nao. Lakini wewe! Wewe ungesema tu, "mimi ni baba mdogo wa diwani." Wangekubeba mabegani! Kwa nini hukutaja jina langu?

JAVAN: Niliona haya. Nimelala magerezani, nimelala vichochoroni Kisumu, nimetaja majina ya watu wa kila aina ili nipite. Hilo lako lilinikwama kooni.

GORDON: Sasa hayo ni matusi, baba mdogo.

JAVAN: Ngoja niongeze sarafu, matusi ni ghali siku hizi. [mlio wa sarafu] Haya. Hujaniuliza waliona nini mdomoni mwangu.

GORDON: Wewe? Wewe si mzee wa rika lile? Uling'—

JAVAN: Ninayo yote. Yamekuwa ya njano, lakini yote yamo. Siku ya kung'olewa, baba yako alikaa kwa mzee mwenye kisu, akang'olewa meno na hakulia. Mimi niliona damu yake nikaruka ua, mbio. Ndiyo mwanzo wa kutangatanga kwangu, wewe unadhani mimi nilizaliwa na mfuko mgongoni? Kwa hiyo vijana wako wakaangalia, wakahesabu, wakasema: "Huyu Mkuria. Rudi ulikotoka." Jogoo wako nikampitisha juu ya gogo, nikampa mwenzangu akuletee asubuhi. Rongo simu imekufa, basi nikarudi mpaka hapa.

GORDON: Yaani walimrudisha baba yangu mdogo! Wajinga! Nitawa—nitamfukuza huyo mwenye ndevu leo leo. Sasa sikiliza. Panda gari saa hii, utafika jioni. Nitawapelekea jina lako. Wewe utapita bila kuguswa.

JAVAN: Mimi.

GORDON: Wewe. Hata nitamtuma kijana wangu Oliver akungoje palepale.

JAVAN: Na yule mama?

GORDON: Mama gani?

JAVAN: Umeshamsahau. Hata chai yako haijapoa.

GORDON: Baba mdogo, siasa si kanisa! Nikitoa gogo leo, kesho Byron atasema nimenunuliwa na Wakuria. Kura zote zinaondoka. Baada ya uchaguzi tutaongea amani, tutaalika wazee wao, tutachinja. Sasa hivi watu wanataka kuona ukuta.

JAVAN: Watu wanataka dawa ya mbu na daraja lisilobebwa na mvua. Ukuta ni wewe unayeutaka, kwa sababu ni rahisi. Gogo moja na walevi sita, kazi ya diwani imekwisha. [mkwaruzo] —siku ile nilipotoroka. Unanisikia?

GORDON: Nakusikia vipandevipande.

JAVAN: Basi okota. Nilikimbia mpaka giza, nikavuka mto, njaa imenishika, mvua inanipiga. Lango la kwanza lililofunguka lilikuwa la Mkuria. Mtoto wa adui, usiku, mlangoni kwake. Hakunifungua mdomo aone meno. Aliufungua aweke uji. Nililala katikati ya watoto wake, tukagombania ngozi moja. Na mmoja wao tunagombania tumbaku mpaka leo. Miaka ishirini iliyopita fahali alimpiga pembe mdomoni, kule mnadani, meno ya chini yakamwagika kama punje za mahindi. Anaitwa Gisiri.

GORDON: Na huyo Gisiri ana uhusiano gani na—

JAVAN: Husikia baridi masikioni. Havui kofia ya sufu. Ukimvua utaona masikio yalivyotobolewa na kuvutwa, kama desturi yao.

GORDON: Kofia ya... Ya bluu?

JAVAN: Ya bluu. Mke wake aliifuma.

GORDON: Hapana.

JAVAN: Chai anapenda yenye sukari nyingi.

GORDON: Hapana, hapana, baba mdogo! Mkuria! Nimemkalisha Mkuria kwenye kiti changu! Nimemwita baba mbele ya wapiga kura! Mchafu kama huyo, amekunywa kwenye kikombe cha—Oliver! Oliver!

JAVAN: Shusha sauti.

GORDON: Mwizi wa ng'ombe, kwenye veranda yangu—

JAVAN: Gordon. Mlango uko wazi?

GORDON: Nini?

JAVAN: Mlango wa ofisi yako. Kati yako na veranda. Uko wazi?

GORDON: Uko wazi.

JAVAN: Umesema kwa Kiswahili. Anakijua kuliko wewe.

GORDON: Ngoja. Ngoja kwanza. Tufikiri kama watu wazima. Hakuna aliyejua. Vijana walimpigia saluti, wanajua ni wetu tu. Nikinyamaza na yeye akinyamaza, aniachie jogoo, aende zake taratibu. Mimi nakutumia gari Homa Bay. Kesho tunaingia boma.

JAVAN: Nilimwambia Gisiri: "Wewe ndiwe utakayebeba jogoo mpaka langoni. Mimi nitashika mkono wa kijana, wewe jogoo." Baba yake Gisiri alinifungulia lango, mimi nimfungulie yeye, na wewe Gordon ushuhudie. Huo ndio mpango niliokuja nao. Jogoo asipobebwa na mkono wa Gisiri, mimi sifiki.

GORDON: Mkuria, kwenye kuweka boma la Mjaluo? Wazee watasema nini?

JAVAN: Wazee gani? Mzee ni mimi. Wengine si umeniambia wamekwisha?

GORDON: [mlio wa onyo kwenye simu] Hiyo ni nini?

JAVAN: Sarafu ya mwisho inalia. Sema.

GORDON: Sawa! Sawa, basi! Gogo linatoka. Leo. Umefurahi? Byron aseme atakavyo. Nakwenda kumwomba msamaha mzee, nitampa shuka, nitampa—Oliver! Mwambie yule mzee aingie ndani. ... Nini? ... Sema tena. ... Kikombe kipo? Kimejaa? ... Na kikapu?

JAVAN: Ameondoka.

GORDON: Oliver anasema amesimama, akapanguza kiti kwa kiganja, mto akaurudisha mahali pake. Akabeba kikapu. Anaelekea barabara ya Kehancha.

JAVAN: Vijana wako huko pia wana gogo?

GORDON: Wanalo. Pande zote wanalo.

JAVAN: Na watamsimamisha?

GORDON: Wamempigia saluti. Oliver anaona kutoka hapa. Wanamwinulia gogo.

JAVAN: [anacheka, anakohoa] Ukuta wako una akili, mheshimiwa. Umemfukuza baba yako na umemfungulia mwizi apite na boma lako kwenye kikapu.

GORDON: Baba mdogo, nifanye nini? Niambie! Wewe utakuja?

JAVAN: Mimi? Mashua ya kunipeleka Rusinga haijang'oa nanga, bado nina nafasi ya kugeuka. Mtazame yeye, siyo mimi. Ni mzee, hatembei mbio. Mkimbilie kwa miguu, usimpigie honi mtu uliyemtukana. Mwite kama ulivyomwita asubuhi, mbele ya hao wapiga kura wako. Na uchukue shoka, kwa sababu ukifika atakuwa ng'ambo ya gogo, na mti wa kwanza wa shoka hilo uta—

[mlio, kimya]

GORDON: Haloo? Baba mdogo? Haloo! ... Oliver. Hapana, wacha gari. Lete hilo shoka hapo chini ya meza. ... La boma, ndiyo. Najua halijagusa mti. Lete.