Kampuni Tatu, Dirisha Moja

Benchi la kijiwe cha kona lilikuwa mbao mbili pana na nzito zilizolazwa juu ya matofali, na kwenye mojawapo lilibaki komeo la chuma ambalo hakuna aliyewahi kujisumbua kuling'oa. Wenyeji walijua kulikwepa. Mgeni alilijua akishakaa. Benchi liliegemea ukuta wa nyumba ya Rangi, mpaka rangi wa majumba ya watu, na juu kidogo ya vichwa vya wanywa kahawa palikuwa na dirisha la chumba chake, lisilo na kitu zaidi ya pazia. Miezi mitatu iliyopita Rangi aling'oa dirisha la zamani ili aweke la alumini la vioo viwili, lile linalozuia kelele, na tangu siku hiyo hajachagua kampuni. Nyuma ya pazia, saa nane hii ya mchana, mkewe anajaribu kulala. Usiku kucha huoka mikate kiwandani, na juzi usingizi ulimwiba akiwa amesimama mbele ya tanuri, akaushika ukingo wa trei ya moto kwa mkono mtupu. Sasa mkono umefungwa bandeji, na Rangi ana hasira na dunia nzima.

Vipande vitatu vya fremu, alivyopewa na mawakala wa Kilele, Ngao na Tulia, vilikuwa vimepangwa katikati ya vikombe.

— Leo naamua, alisema Rangi. Na anayetaka kuniambia vioo viwili ni vya maofisini, amalize kahawa yake aende zake.

— Nani kasema? aliuliza Kamusi, karani mstaafu anayejua kila jambo, hata yale ambayo hayajatokea. Mimi nasema tu mtaa mzima hakuna aliyeweka.

— Basi mimi ndiye wa kwanza! Mke wangu hatawekewa dirisha la kubahatisha eti kwa sababu majirani wamezoea kubahatisha.

— Hapo umenena! Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini, alipiga benchi kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Chukua Ngao. Dirisha ni mlango wa gari, basi. Ukiufunga ukasikia "pu", hapo kuna mpira. Ukisikia "kwaa", umeuziwa debe.

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Rangi alinyanyua kidole kuwanyamazisha.

— Kilele wanatia hewa maalumu katikati ya vioo, alinong'ona Kamusi, na mnong'ono wake ulifika hadi ng'ambo ya barabara.

— Hewa gani?

— Maalumu, nimekwambia. Jua likiwaka, hewa inavimba. Ikivimba, inataka kupaa. Weka madirisha sita ya Kilele, halafu uifunge nyumba yako kwa kamba.

— Acha uongo, mzee mzima wewe!

— Uongo? Umeshaona puto likikaa chini?

— Na Tulia je? aliuliza Rangi. Moyoni alikuwa anaipenda Tulia kwa jina lake tu, ila hakutaka kuonekana mtu wa kupenda majina.

— Tulia ndiyo mbaya kuliko zote, alisema Breki. Nyinyi mnafikiri sauti ikizuiwa inakwenda wapi? Inapita kioo cha kwanza, inagonga cha pili, inakwama pale katikati. Kila unalosema linahifadhiwa. Siku kioo kikipasuka, maneno yote yanatoka kwa mpigo. Hata uliyomsema mama mkwe.

Walicheka kicheko cha kubomoa ukuta. Rangi naye alicheka, akajisahau, akapaza sauti kuliko wote:

— Nitaweka tu! Wakinicheka, nitaweka! Wakisema najidai, nitaongeza na la jikoni!

— Na huyo mama mkwe alisemwa nini?

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona na mkoba wake begani. Amekuja kumuuguza bintiye.

— Shikamoo, mama, alisema Rangi, akiweka kikombe chini.

— Marahaba, baba. Mwenzako anaendeleaje?

— Amelala, mama.

Mama mkwe alilitazama pazia, akawatazama watu. Akakaa benchini, akainuka papo hapo, akapapasa mahali pale pa komeo. Alilivuta. Lilikuwa bado linateleza vizuri. Akalirudisha, akalivuta tena, kisha akauliza kwa upole kabisa:

— Hivi, zile mbao za dirisha la zamani mlizipeleka wapi?

Breki aliinama akazitazama mbao alizozikalia. Rangi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Miezi mitatu amekuwa akiukalia usingizi wa mkewe na kuwakaribisha wenzake waukalie.

— Simameni, alisema.

— Tusimame kwani kuna nini?

— Simameni, benchi langu!

Walisimama, vikombe mkononi. Rangi alikusanya vile vipande vitatu vya fremu akavitia mfukoni, akabeba ubao wa kwanza begani.

— Yaani unarudi kwenye mbao? Kamusi hakuamini. Na vioo viwili?

— Vioo nitaweka! Vya kampuni ninayoitaka mimi, na sitamuuliza mtu. Ila leo mke wangu analala.

— Na sisi tutajadilia wapi?

— Jadilini mmesimama. Mkichoka, mna makwenu!

Bawaba zilikuwa bado ukutani. Hakuhitaji nyundo hata moja. Mbao ziliingia mahali pake kama zilizokuwa zikingoja kuitwa. Akiwa ndani, alilisukuma komeo taratibu. Sauti ya Kamusi, iliyokuwa imeshaanza kuitetea Tulia, ikawa mvumo wa mbali.

Gizani mkewe aliuliza, bila kufumbua macho:

— Hatimaye umechagua kampuni?

Rangi alitafuta jibu la kujitetea. Alipolipata, mkewe alikuwa anakoroma.